Ndama wa Breki Amecheua

Benchi la nje ya kibanda cha fundi viatu lilisimama kwa miguu mitatu na tofali, na waliolikalia kila asubuhi waliitana kwa majina ya utani. Soli ndiye fundi mwenyewe. Wembe ni kinyozi wa mlango wa pili. Breki ni dereva mstaafu wa malori, na jina alilipata kwa sababu hakuna neno analolitoa bila kusimama kidogo kwanza, kama lori kwenye tuta. Asubuhi hiyo alifika na vipande vya nyasi kavu vimeng'ang'ania sweta lake, akapokea kahawa yake, lakini hakuketi.

— Amecheua, akasema.

— Nani kacheua?

— Ndama wangu, yule jike. Nimemkuta amejilaza, taya linakwenda huku, linarudi huku. Ametulia kama hakimu. Tumbo limezikubali nyasi!

Wenzake wakatazamana. Mama wa ndama huyo alikufa siku ya kumzaa, na kijiwe kizima kilishauri apelekwe kwa muuza nyama mapema. Breki alikataa katakata. Mkewe akamnywesha maziwa kwa chupa. Yeye akakata nyasi changa, akazianika juu ya bati, akawa anamwekea kidogo kidogo, zile laini zenye majani mengi. Kila kukicha anaondoa zilizolala, anaweka nyingine.

— Bado zitamuua, alisema Wembe. Kitu kikavu kinanyonya maji ya mwili. Unadhani kwa nini ng'ombe wana macho ya huzuni?

— Acha uongo wako, Soli akadakia, nyundo mkononi. Nyasi kavu zinakomaza ngozi. Viatu vya siku hizi vinapasuka kwa nini? Ndama wamelelewa kwa maziwa matupu!

— Kwa hiyo ukila wewe, hicho kipara kitaota nywele?

— Kitaota! Na wewe hatimaye utapata mteja!

Breki alicheka mpaka kahawa ikamwagikia kidole.

— Nyie semeni tu. Mwanzoni alikuwa anazinusa, anapiga chafya, ananigeuzia mgongo. Ikabidi nitafune mimi, aone.

— Ulitafuna nyasi? Mtu mzima?

— Nilitafuna. Mama watoto akanikuta nimepiga magoti zizini, akadhani nimerukwa na akili. Kisha naye akachukua, akatafuna. Ndama akatutazama wote wawili, akaja.

Hakuna aliyecheka. Soli akauliza kwa sauti ya chini:

— Zina ladha gani?

Breki akafunga breki kwanza, kama kawaida yake.

— Kama chai iliyosahauliwa kutiwa maji.

Mwanamke mmoja, mgeni pale, alikuwa akisubiri kiatu chake, mguu peku juu ya gazeti.

— Samahani baba, akasema. Huyo ndama anaitwa nani?

Wembe akamtazama Soli. Soli akakitazama kiatu. Muda wote huo Breki na mkewe walimwita ndama “huyo” tu, kwa kuwa mtu anaogopa kumpa jina kiumbe ambaye huenda akamzika kesho. Sasa kesho ilikuwa imefika, na ndama alikuwa anacheua. Breki akaweka kikombe kabla kahawa haijaisha, akavuka barabara nusu mbio kuelekea nyumbani kwake, na hata lango hajalifikia akapaza sauti mtaa mzima usikie:

— Mama watoto! Toka nje! Binti yetu hana jina!