Norma Thirkettle na Mashua Zilizopinduliwa Makusudi

Marehemu Norma Thirkettle alizaliwa Woodbridge, Suffolk, tarehe 12 Februari 1951, binti pekee wa fundi bomba. Alisoma hapo hapo mjini, kisha akafundisha hesabu Ipswich kwa miaka thelathini na mmoja. Hakuna mwanafunzi aliyewahi kumdanganya kwamba daftari limesahaulika nyumbani.

Kila Aprili, maji ya mto Deben yakiwa bado ya barafu, aliwasimamia wanachama wa klabu yake ya mashua wapindue mashua zao ndogo za tanga makusudi, kisha waziinue. Asiyeinua hashindani. Norma hakuamini mashua ambayo hajaiona juu chini, wala mwanamume. Desmond alipomposa mwaka 1975, Norma alimpeleka mtoni akaipindua mashua wakiwa wote wawili ndani, bila kumwonya. Desmond akaibuka akitema maji: "Hujaumia, mpenzi?" Wakaoana Septemba hiyo hiyo.

Tangu hapo, wakipinduka, Norma ndiye aliyepanda kwenye ubao unaotokeza chini ya mashua na kuivuta isimame. Desmond alijilaza tu majini ubavuni mwa mashua, nayo ikiinuka inamzoa kama dagaa.

Novemba 2022 Norma alipatikana na saratani ya kongosho, na daktari akamkataza baridi. Lakini kufikia Aprili, kila Jumamosi binti yao Hilary alikuta gari lina matope na mama anatetemeka.

"Baba, mnakwenda wapi?"

"Kunywa chai tu, mwanangu."

"Chai gani hiyo ya kutia matope mpaka kwenye viti? Unataka kumuua mama!"

Desmond akaenda kufuta viti. Norma alikuwa amemkataza kusema, maana alijua Hilary angewazuia, na kweli angewazuia.

Tarehe 29 Aprili Hilary aliwafuata kimyakimya mpaka mtoni, akajificha nyuma ya kibanda. Mama alikuwa ndani ya boti ya uokoaji, amejifunika blanketi, anafoka: "Legeza kamba ya tanga kwanza, we mzee! Utapinduka tena!" Ndani ya maji alikuwa Desmond peke yake, na miaka yake sabini na minne, aking'ang'ania ule ubao. Alishindwa mara sita. Ya saba mashua ikasimama, naye akajikokota ndani.

"Hilary, toka huko nyuma ya kibanda," Norma akasema bila kugeuka. "Umeona? Sasa hata nikiondoka, hatabaki nchi kavu kwa kukosa wa kumwinulia mashua."

Alifariki nyumbani tarehe 6 Juni 2023, saa tatu asubuhi. Ameacha mume, binti, na wajukuu wawili, Tilly na Edmund. Apumzike kwa amani, mama yetu asiyedanganyika. Naye Hilary, anayewasomea wasifu huu, anamwomba baba yake radhi mbele yenu nyote: Baba, nilikushuku bure.