Ukaguzi wa Injini ya Bati

Benchi letu ni mataruma mawili ya reli yaliyolazwa juu ya mawe, mbele ya stesheni ya Shinyanga. Hakuna barua inayoliruhusu, na kwa kuwa hakuna barua, hakuna ofisi iliyowahi kupata pa kuanzia kulivunja. Fikirini anauza kahawa hapo tangu alfajiri. Ubavuni kuna kibanda cha Otmar, fundi bati kutoka Ushirombo, ambaye zamani alitengeneza vibatari, mpaka mafuta ya taa yalipoadimika na vibatari vikakosa kazi. Akaanza kukata makopo na kutengeneza injini za treni, ndogo za kubeba mkononi. Mwaka huo wa themanini na tatu kila mtu wa mjini alitakiwa awe na kitambulisho cha kazi. Asiye nacho angepakiwa lori akalime kijijini. Otmar alipokwenda kuomba chake, ofisi ilimwambia kutengeneza midoli si kazi. Lakini mdoli ukiwa sahihi kila kitu, hauwi tena mdoli. Unakuwa kielelezo cha kufundishia, na mwenye kuutengeneza anakuwa fundi. Basi Alhamisi hiyo, saa nne asubuhi, afisa angekuja kupima usahihi. Lori lilikuwa la Ijumaa.

Kufika saa mbili, sisi wa kijiweni tulikuwa tumeshaanza kupima kwa niaba yake.

Injini ilikaa juu ya sanduku, ubavu mmoja umeegemea ukuta wa kibanda. Ilikuwa ile dizeli mpya iliyoanza kuja mwaka huo, iliyopigwa rangi ya kijani na mstari wa njano. Otmar alikuwa ameipima yeye mwenyewe: treni ikisimama, anatembea jukwaani kutoka pua hadi mkia, hatua moja pale ni kidole kimoja kibandani.

Wa kwanza kusema alikuwa Mzee Muhidini, ambaye tunamwita Makaa kwa sababu alichochea moto wa injini za moshi miaka kumi na tisa.

Makaa: Kazi nzuri. Ila umemsahau mchochezi.

Otmar: Mzee Makaa, dizeli haina mchochezi.

Makaa: Najua haina. Ndiyo kasoro yake. Sasa dereva akisinzia, nani atamtukana aamke?

Otmar: Mimi natengeneza ilivyo, sitengenezi inavyotakiwa.

Makaa: Basi weka hata kiti chake. Kitupu. Watu wajue kuna mtu ameachishwa kazi.

Mageni alicheka mpaka kahawa ikamwagika. Huyu ni dalali wa ng'ombe, na kwa kuwa anazungumza kama yuko kwenye mkutano wa hadhara, anaitwa Waziri. Methali anazijua nyingi. Mahali pa kuziweka ndipo panapomshinda.

Waziri: Tusibabaishane. Mimi nimesafiri kwa treni kuliko ninyi nyote.

Fikirini: Kwenye behewa la ng'ombe, Waziri.

Waziri: Ndiyo! Na ng'ombe hadanganyi. Honi hii, bwana Otmar, ni ndogo. Wahenga walisema mchelea mwana kulia, hulia yeye.

Otmar: Honi na mwana vinahusiana nini?

Waziri: Ukichelea honi kulia, utalia wewe ng'ombe akigongwa! Pale Samuye ilipiga honi, ng'ombe wangu akakaa chini. Alidhani ameitwa na fahali. Gete, kweli kabisa! Honi ya namna hiyo haiwezi kuwa saizi ya kifuniko cha chupa.

Makaa: Ni kwa vipimo, Waziri. Hatua moja, kidole kimoja.

Waziri: Na sauti je? Sauti ya hatua mia sita inakuwa vidole vingapi?

Otmar alichukua mkasi wake wa bati, akaangalia honi, akaurudisha mkasi. Mkewe Melania alikuwa amepita asubuhi kumuuliza kama afunge masufuria au asifunge, naye akamjibu afunge nusu.

Fikirini: Wote hamjagusa penyewe. Penyewe ni taa.

Otmar: Taa ina nini tena?

Fikirini: Umeweka kioo cha chupa.

Otmar: Ningeweka nini?

Fikirini alitazama kulia, akatazama kushoto, akafunika birika kana kwamba linasikia.

Fikirini: Taa ile haina balbu. Ina almasi ya Mwadui.

Makaa: Haa!

Fikirini: Nani hapa amewahi kuona balbu ya treni ikibadilishwa? Nyumbani kwangu balbu inakufa kila mwezi. Ile inamulika kutoka hapa mpaka kwa mjomba wangu na haijawahi kuzima. Niambieni ni kitu gani.

Waziri: Ni kweli! Ndiyo maana inapita karibu na Mwadui. Inakwenda kuongezewa.

Makaa: Reli ilipita hapa kabla almasi haijavumbuliwa, Waziri.

Waziri: Ilijua! Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Makaa: Hapo nani mgeni?

Waziri: Almasi.

Otmar: Jamani. Saa tatu na nusu. Mkiulizwa na afisa, mtasema iko sahihi au mtasema habari za almasi?

Kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo ilitujia kwamba tusipoangalia, tunaweza kumpandisha mwenzetu lori kwa midomo yetu.

Makaa: Tutasema iko sahihi.

Waziri: Pande zote!

Fikirini: Nitaapa. Ukitaka, kwa Msahafu.

Otmar hakuonekana kufurahi kama tulivyotarajia. Alisogeza injini yake, ikaegemea ukuta zaidi.

Wakati huo alikuwa amekuja kukaa mwisho wa benchi mama mmoja mwenye kikapu, jogoo wawili na tiketi ya Mwanza. Alisema anaitwa Mama Generoza, ametokea Bukombe kwa basi la Kahama, anasubiri treni ya saa tano. Fikirini alimpa kahawa. Akanywa, akatusikiliza.

Saa nne na dakika kumi afisa alifika kwa baiskeli. Kijana mrefu, Herman jina lake, suruali imebanwa kifundoni kwa klipu, mkoba umefungwa kwa mpira nyuma ya kiti.

— Shikamooni wazee.

— Marahaba, mwanangu, marahaba.

Akatoa fomu tatu, akaweka karatasi za kaboni kati yake, akakosa pa kuandikia. Waziri akampa mgongo. Kwa hiyo ukaguzi wote ulifanyika juu ya mgongo wa Waziri, ambaye tangu hapo hakuthubutu kucheka.

Herman: Fomu inauliza: kielelezo ni sahihi kabisa, sahihi kiasi, au si sahihi. Nasikiliza. Mzee?

Makaa: Kabisa. Nimefanya kazi reli miaka kumi na tisa. Nimeikagua pande zote.

Herman: Wewe mwenye birika?

Fikirini: Kabisa, afisa. Hata taa. Hasa taa.

Herman: Na wewe, mzee, unayenisaidia meza?

Waziri: Pande zote nne, juu na chini. Wahenga walisema, usisafirie nyota ya mwenzio.

Herman alisimamisha kalamu, akaona ni heri asiulize. Akaweka alama ya kwanza. Kaboni ikalia chini ya kalamu. Otmar alikuwa amesimama mlangoni kama mtu anayesubiri dawa ya kidonda imwagwe.

Ndipo Mama Generoza akaweka kikombe chini.

— Samahani, baba afisa. Mimi ni mpita njia tu. Huo upande unaotazama ukuta ukoje?

Herman alitazama ukuta.

— Swali zuri, mama. Wazee?

Makaa: Una... una ngazi mbili.

Waziri: Ngazi moja! Na mlango.

Fikirini: Mlango hauna. Una matundu ya kupumulia.

Herman: Mnazungumzia hii ya bati au ya kweli?

Makaa: Zote.

Herman: Ya kweli, upande ule, mmeuona lini?

Nilikuwepo, na mimi nilitafuta jibu kama wao. Treni inasimama jukwaani, sisi tuko jukwaani. Upande wa pili ni shamba la mpunga.

Herman: Lakini si inarudi kutoka Mwanza? Ikirudi si mnaona ubavu mwingine?

Makaa alivua kofia. Kitu kilikuwa kimemjia, na hakikuwa kizuri.

Makaa: Injini ya moshi tulikuwa tunaigeuza, mwanangu. Hii haigeuzwi. Inakwenda Mwanza kwa pua, inarudi kwa mkia. Ubavu unaotutazama ni uleule. Tangu mwezi wa kwanza.

Herman: Kwa hiyo?

Makaa: Kwa hiyo sijui.

Waziri, chini ya fomu, alisema naye hajui. Fikirini alisema anajua lakini si kwa macho.

Herman: Na mimi nafika stesheni hii kila wiki. Sijui. Bwana Otmar, hebu igeuze.

Otmar alisogea taratibu. Aliishika injini kwa mikono miwili, akaigeuza.

Hapakuwa na rangi ya kijani. Hapakuwa na ngazi, wala mlango, wala tundu. Lilikuwa bati tupu la kopo, limenyooshwa vizuri, na maandishi yake yanasomeka: MAFUTA SAFI YA KUPIKIA, KILO NNE.

Fikirini alisema "Innalillahi" kwa sauti ya chini. Mimi niliona lori.

Herman: Hii ni nini?

Otmar: Upande wa pili.

Herman: Mbona hukutengeneza?

Otmar: Sijauona, afisa. Niliomba kuvuka reli treni ikiwa imesimama, askari wa stesheni akanikatalia. Nikasema nitaacha hivyo mpaka niuone. Ningeweza kubuni. Mkono ulikataa.

Herman alisoma tena lile kopo, kilo nne zote. Kisha akaanza kucheka, kwanza kwa pua, halafu mabega yakaingia, mpaka Waziri akalalamika kwamba anachomwa na kalamu.

Herman: Wazee wangu, nakusanya taarifa kata hii mwaka wa tatu. Ekari za pamba, mashimo ya vyoo, kuku. Kila taarifa inaniletea pande zote nne, juu na chini. Hakuna mtu hata mmoja aliyewahi kuniandikia: hapa sijaona.

Akafuta alama aliyoweka, jambo ambalo haliruhusiwi, akaweka nyingine. Akaandika muda mrefu kwenye mgongo wa Waziri. Akagonga muhuri, Waziri akasema "Aii!" Halafu akamkabidhi Otmar kipande cha kadi ngumu ya rangi ya udongo.

Otmar alikisoma akiwa amesimama. Akakaa. Akampa Makaa akisome kwa sauti, maana macho yake yeye yalikuwa yameshaingia maji.

Makaa akasoma:

— Jina: Otmar. Kazi: Fundi wa vielelezo vya reli. Mabano: upande wa stesheni.

Tulipiga kelele mpaka wapagazi wakatoka nje kuangalia kama treni imeanguka. Fikirini alimimina kahawa bila kuuliza nani anataka. Otmar alishika kikombe, hakunywa, alikuwa anacheka na kufuta uso kwa mkono uleule, kahawa inamwagikia goti na hasikii.

Otmar: Mtu akamwambie Melania afungue masufuria.

Waziri: Nakwenda mimi. Mgongo umeshapona.

Lakini hakwenda, maana treni ilikuwa inaingia, na hakuna aliyetaka kukosa kuiangalia siku hiyo.

Otmar: Afisa, kwa kadi hii sasa nitaruhusiwa kuvuka?

Herman alifikiri kwa uaminifu.

— Hapana. Ruhusa ya kuvuka reli haitoki kwangu. Hiyo ni ya stesheni. Fomu yao ni tofauti, na nadhani inapelekwa Tabora kusainiwa.

Akawa anaeleza ni fomu ya rangi gani na inachukua wiki ngapi. Injini ilipita mbele yetu, kijani na mstari wa njano, ikasimama. Tukautazama ubavu wetu tunaoujua. Watu wa tiketi za daraja la tatu walikuwa wanasukumana milangoni kama kawaida, na hapo ndipo nilipogundua kwamba kikombe cha Mama Generoza kiko peke yake kwenye benchi. Wasafiri wazoefu hawapandii jukwaani. Wanavuka mapema, kabla askari hajatokea, wanapandia upande wa mpunga, ambako hakuna foleni.

Sauti yake ilitufikia kupitia nafasi kati ya injini na behewa la kwanza, pamoja na ya majogoo.

— Fundi! We fundi! Ngazi ni tatu! Mlango hakuna!

Otmar aliruka, akanyakua kipande cha chaki.

— Na matundu, mama? — alipaza sauti. — Matundu mangapi?

— Ngoja nihesabu!