Binti wa Fundi Hataki Kupimwa

Benchi lilikaa kati ya mlango wa fundi cherehani na mlango wa kinyozi, mguu mmoja umewekewa tofali kwa sababu tangu lipigiliwe misumari halijawahi kusimama sawa. Anayelijua hukaa upande wa kinyozi; mgeni hukaa upande wa tofali akayumba mpaka azoee. Kila jioni Birika, muuza kahawa, hutua jiko lake mbele ya benchi, na hapo ndipo mashauri ya mtaa husikilizwa. Sheria ni mbili tu. Mwenye shauri hupewa kikombe cha kwanza. Na akishakinywa haruhusiwi kuondoka mpaka apewe jibu, hata kama jibu lenyewe ni la uongo. Jioni hiyo kikombe cha kwanza alikishika Fundi, ambaye siku zote husikiliza tu huku akifumua mshono wa mtu, na alikizungusha mkononi mpaka kikaanza kupoa.

— Kahawa haisomwi, Fundi. Inanywewa.

Huyo alikuwa Gia, dereva wa malori mpaka mgongo wake ulipomstaafisha. Hata leo akikaa, mkono mmoja huutupa pembeni kama anatafuta gia ya kubadilisha.

— Binti yangu hataki nimpime, alisema Fundi.

— Umpime nini, homa? aliuliza Wembe, kinyozi, taulo likiwa bado begani.

— Sare ya shule.

Akawaeleza. Kila mwaka, kabla shule hazijafunguliwa, humsimamisha mtoto kando ya meza ya kukatia, futi ya kupimia ikiwa shingoni. Yeye anapima, mtoto anasoma namba kwa sauti, yeye anaziandika kwa chaki mezani. Tangu mama yake afariki, siku hiyo ya vipimo imekuwa sikukuu yao wawili. Hapo ndipo mtoto humwambia nani kagombana na nani, mwalimu gani anasinzia darasani. Mwaka huu alimsimamisha, mtoto akarudi nyuma hadi mlangoni. Akasema, tumia vipimo vya mwaka jana Baba, uongeze urefu.

— Nikaongeza urefu. Nikamuuliza, gauni limekaa? Akasema limekaa. Lakini tangu siku hiyo anavaa sweta, na joto hili mnaliona. Jana nimetandika kitanda chake nikalikuta gauni chini ya godoro, vifungo vya kifuani vimeng'oka. Shule zinafunguliwa keshokutwa, naye anasema kichwa kinamuuma, labda hataenda. Mtoto huyu hajawahi kukosa siku ya kwanza.

Birika akamimina vikombe vingine.

— Kitambaa kimerudi, alisema Gia. Kimelowa, kimekauka, kimejikunja. Maji yakimwagika hayazoleki.

— Nilikiloweka kabla ya kukikata. Mimi si mwanagenzi.

— Basi ni futi yako, alisema Wembe. Umeitumia tangu mimi sijaota hata ndevu. Imevutwa ikalegea. Sentimita nazo huchoka, ndugu yangu. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

— Ufa gani sasa?

— Nimesema kwa jumla.

Birika alitikisa kichwa kwa huruma ya mtu anayejua zaidi.

— Nyie hamuangalii chakula. Kuku hawa wa kisasa, leo kifaranga, keshokutwa yuko sufuriani. Mtoto akimla kuku mwenye haraka, naye anapata haraka. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni.

— Nyumbani kwangu tunakula maharage.

— Yalipandwa karibu na banda.

Gia akasema kuku hana kosa, kosa ni la mnara wa simu. Tangu usimamishwe nyuma ya stoo, watoto wa mtaa mzima wamerefuka kuuelekea, kama mche unavyofuata dirisha. Wembe akasema mnara ni mdogo sana kwa jambo kubwa hivyo. Tatizo ni dunia yenyewe, siku hizi inazunguka mbio, na kitu kikizungushwa mbio hupanuka, mtazameni mwanamke anavyojizungusha na sketi.

— Na mbona wewe hupanuki?

— Mimi nimeshakauka. Samaki hukunjwa angali mbichi.

Walicheka, na Fundi akacheka nao, lakini moyoni hakuwa hapo. Alijua wanachokizunguka, nao walijua kwamba anajua. Kila mmoja alikuwa akifungua mdomo kama wa kulisema, kisha anatoka na kuku. Hakuwalaumu. Yeye mwenyewe, aliyepima wanawake wa mtaa huu kwa miaka bila aibu, akiwashonea magauni ya harusi na ya ujauzito, alikuwa amelikata gauni la binti yake moja kwa moja kutoka bega hadi nyonga, kama la mtoto mdogo. Mkono wake ulikuwa unajua. Ni yeye aliyeukatalia.

— Mpigie shangazi yake, alisema Birika kwa upole. Hayo ni mambo ya shangazi.

— Shangazi yake akinong'ona chumbani, stendi wanaitikia. Mtoto hatanisamehe.

— Labda kakukasirikia kitu, alisema Wembe.

— Hapana. Kazi yangu anaipenda kuliko zamani. Siku hizi akija kunisaidia kufagia, anaokota vipande vya flana chini ya meza, anavipeleka nyumbani. Na ana jicho la fundi, hababaishwi na maua. Anachagua vilivyo laini, vya rangi ya giza. Nadhani anamshonea mwanasesere wake blanketi.

— Mtoto wa nyoka ni nyoka, alisema Birika kwa kumsifu.

Tangu wakiwa kwenye habari za mnara alikuwa amefika mtu wasiyemjua, suruali ya kupunguzwa ikiwa begani. Alisalimia, akakaa upande wa tofali, benchi likamyumbisha, Birika akampa kikombe. Alisikiliza yote ya mnara na ya dunia bila kuingilia. Kahawa yake ilipofika nusu alikohoa.

— Samahani, wakubwa zangu. Nimekuja kwa ajili ya suruali tu. Lakini hili lenu limenigusa, kwa sababu na mimi nina kijana nyumbani. Sauti yake asubuhi ni ya kwake, jioni ni ya babu yake. Amejaa chunusi, mlango anafunga kwa kishindo, halafu anakuja kuniegemea kama mtoto wa kubebwa. Nataka kumwambia, nakosa pa kuanzia. Kwa hiyo nauliza. Nyie, wakati wenu, mliambiwa na nani?

Wembe alivua taulo begani, akalikunja.

Gia alitazama kiganja chake. Birika alichochea makaa ambayo hayakuhitaji kuchochewa. Barabarani akapita muuza maji na mkokoteni wake, akasalimia benchi zima, asiitikiwe.

— Mimi nilidhani nina ugonjwa wa koo, alisema Wembe hatimaye, na hapakuwa na mzaha hata kidogo. Sauti ilipovunjika. Muhula mzima niliitikia salamu kwa kichwa. Watu wakasema nina kiburi.

— Mimi chunusi, alisema Gia. Nikawa nasugua uso kwa sabuni ya mche na gunzi. Mpaka ngozi ikatoka. Nilidhani ni uchafu, nikisugua vizuri utakwisha.

Wote wakamgeukia Birika.

— Mimi sikumbuki yangu. Namkumbuka dada yangu. Alikata shuka la mama vipande vipande, akavificha. Mama akampiga kwa ajili ya shuka. Dada hakusema lilikuwa la nini, alilia tu, na mimi nikamcheka. Nimekuja kuelewa nilipooa.

Fundi aliweka kikombe chini.

Vipande vya flana. Laini, vya rangi ya giza. Mtoto yule hakuwa na mwanasesere tena, alishamgawia jirani zamani, na yeye Fundi alikuwepo alipomgawa. Alikuwa amemsifia kila alipoinama chini ya meza ile. Alikuwa amemwambia, chukua mwanangu, chukua vingi, naye mtoto alikuwa akisema ahsante Baba bila kumtazama usoni. Machozi yakamjia Fundi pale pale mbele ya watu, asijisumbue kuyaficha.

— Yuko peke yake, alisema. Mwanangu yuko peke yake na jambo hili, na mimi niko hapa nasikiliza habari za kuku.

Aliinuka. Birika alifungua mdomo kumkumbusha sheria ya jibu, akaufunga.

— Zinauzwa, alisema yule mgeni taratibu. Pedi. Duka lile la ng'ambo ya barabara wanazo, rafu ya juu.

Wanaume wote watano wakalitazama duka la ng'ambo kama mto uliofurika. Mwenye duka alikuwa mama mmoja mwenye sauti, na foleni ilikuwa ndefu. Ndipo Gia, aliyevusha malori milima na matope, akashika mgongo wake, akanyanyuka, akavuka barabara. Walimwona akisubiri zamu yake. Walimwona akiinama kaunta. Aliporudi alikuwa na kifurushi kilichofungwa gazeti tabaka juu ya tabaka.

— Nimesema ni za mjukuu, alisema. Akaniuliza za mchana au za usiku. Sikujua kama zina zamu. Nimechukua zote.

Hakuna aliyecheka. Fundi alikipokea kifurushi kwa mikono miwili.

Na hapo binti akatokea kwenye kona, kama kila jioni, anakuja kufagia. Sweta limefungwa mpaka shingoni, mabega yameinama, mkoba ameukumbatia kifuani.

— Shikamooni, alisema.

— Marahaba, mama, waliitikia, kila mtu akiangalia kwingine.

Wembe akaingia kinyozini mwake, akafungulia redio mpaka bati likatetemeka. Gia akamshika mgeni mkono, akamwambia suruali yake itasubiri, aje akaone kioo kipya cha Wembe. Birika akakusanya vikombe.

— Kahawa imekwisha, alisema, akaliinua birika kwa mikono miwili, maana lilikuwa bado zito, akaondoka nalo.

Ndani ya duka lake Fundi alitangulia kukiweka kifurushi kwenye kiti cha nyuma ya pazia, kisha akaivua futi shingoni, akamwekea binti yake mkononi.

— Leo unajipima mwenyewe. Ingia nyuma ya pazia, mimi nakaa hapa na mgongo wangu. Isilegee, isibane. Pitisha vidole viwili kati yake na wewe. Halafu unanisomea.

Mtoto aliutua mkoba chini. Kisha pete za pazia zikalia.

Alisoma namba ya kwanza kwa sauti ndogo. Fundi akaiandika kwa chaki mezani. Akasoma ya pili, ya tatu. Hakuna iliyofanana na ya mwaka jana, na Fundi aliziandika zote kwa mkono ule ule, bila kuguna, bila kuuliza mara mbili. Kisha akalichukua gauni lenye vifungo vilivyong'oka, alilolileta asubuhi kutoka nyumbani, akafumua ubavu mmoja. Akakata kipande cha kuongezea, akakaa kwenye cherehani.

— Hapo kwenye kiti kuna kifurushi, alisema huku mashine ikienda. Ni chako. Kikiisha, unaniambia Baba kimeisha, kama unavyoniambia sukari imeisha.

Gazeti lilichakarika. Tabaka la kwanza, la pili, la tatu.

— Nani amekuambia?

— Hakuna. Nimechelewa tu kuona. Nilidhani unamshonea mwanasesere.

Nyuma ya pazia kikatoka kicheko kifupi, kikageuka kilio katikati ya safari.

— Nilidhani naumwa, Baba. Nilidhani ni ule ugonjwa uliomchukua Mama.

Mshono ulikwenda upande. Fundi aliurudisha.

— Huumwi, mwanangu. Huumwi hata kidogo. Unakua. Mama yako alipita hapo hapo, na bibi yako, na kila mwanamke anayepita hapo nje. Ningekuambia mapema. Niliogopa, na uoga wangu umekuacha peke yako. Nisamehe.

Redio ya Wembe ilikuwa inapiga kelele ukutani, Mungu ambariki.

— Na gauni, akaendelea, nimeacha kitambaa kingi ndani ya mshono. Ukiongezeka tena tunaachia, hatukati jipya.

— Nitaongezeka mpaka lini?

— Miaka kadhaa bado. Polepole.

— Na hili la kuumwa tumbo, nalo ni hilo hilo?

— Nadhani ni hilo hilo. Tutamuuliza nesi wa zahanati, wewe na mimi, kesho.

Pazia lilisogea. Binti alitoka, sweta amelikunja mkononi, akaja akaketi kwenye kigoda karibu na magurudumu ya cherehani, pale alipokuwa akikaa zamani akiokota vifungo. Macho yalikuwa mekundu.

— Baba, kuna kitu kingine nataka kukuuliza. Ila usicheke.

Fundi hakujua ni kitu gani, wala kama ana jibu lake. Alitoa mguu kwenye kanyagio, mashine ikanyamaza, akamgeukia.

— Uliza, alisema.