Bwana Igarashi na Kona Iliyopimwa Vizuri Mno

Ifikapo tarehe 31 Machi, Bwana Igarashi Shigeo atastaafu baada ya miaka arobaini na mmoja katika kitengo cha vipimo cha reli yetu. Katika muda wote huo hajawahi kuamini namba mara ya kwanza. Hata mizani mpya ya vifurushi pale stesheni aliijaribu kwa chupa yake ya chai.

Kwa wasioijua kazi yake: hubandika vifaa vidogo ubavuni mwa reli, kwenye kona, ili kujua gurudumu linaisukuma reli kwa nguvu kiasi gani. Likizidisha, hupanda juu ya reli, na behewa huanguka.

Miaka ishirini na miwili iliyopita alikuja kupima kona ya Hinokizawa. Namba zikatoka nzuri, tukafurahi sote isipokuwa yeye. Alisema kona kuukuu namna ile haiwezi kuwa na adabu kiasi hicho. Akainama, akapitisha kidole kwenye reli, na glavu yake nyeupe ikatoka nyeusi.

Msimamizi wa genge la mafundi waliotunza reli pale nilikuwa mimi, Numata. Jana yake tulikuwa tumeipaka reli grisi kona nzima ili magurudumu yateleze na namba zishuke, kama tulivyozoea kila wapimaji walipokaribia kuja.

"Mgeni akija, Bwana Igarashi, wewe hufagii ua?" nilimuuliza.

"Fagia, Bwana Numata. Lakini mgonjwa akimeza dawa ya homa mlangoni kwa daktari, mimi nitapima nini?"

Nilimchukia. Nilimshuku kwamba anatafuta cheo kupitia mgongo wangu. Siku ya tano akarudi bila taarifa, reli ikiwa kavu, akaipima treni ya saa moja na dakika kumi na mbili asubuhi. Nguvu ilikuwa inakaribia kabisa kiwango cha hatari. Siku hiyohiyo mwendo ukapunguzwa, na mwezi uliofuata reli zikapangwa upya. Ripoti nikaisoma mara tatu nikitafuta jina langu. Halikuwemo.

Jambo moja sijapata kumwambia mpaka leo. Treni ile ndiyo iliyompeleka binti yangu Chizuru shuleni kila siku, na yeye alipenda kukaa behewa la kwanza.

Bwana Igarashi, tunakushukuru, na tunakuombea afya na siku nyingi za raha nyumbani. Chizuru anakusalimu. Ana watoto wawili sasa.