Estir Wadie na Kiberiti Chake

Padri wetu, ndugu, majirani, na ninyi wafanyakazi wenzake wa zamani, historia hii imeandikwa na mume wa marehemu, Bakhoum Tadros, karani mstaafu wa reli, naye ndiye anayeisoma, kwa kuwa binti yao Ireny ameomba asiisome na mwingine hayupo, na kama ilivyo desturi msomaji atajitaja kana kwamba anamtaja mtu mwingine, jambo ambalo leo halimpi taabu hata kidogo. Tangu asubuhi anajiona kwa mbali, amekunywa kahawa chungu ya msiba vikombe vitatu na hakusikia uchungu wake, watu wamemshika mkono akasema asante, hajalia, na hasemi hivyo kwa kujisifu.

Inafaa pia mjue kwamba ibada hii imechelewa dakika arobaini, na kosa si la padri wala la gari. Ni la mume, aliyeshindwa kujibu swali moja dogo la kina mama waliokuja kumwosha marehemu, nalo lilikuwa hili, avishwe nguo gani. Swali hilo lina miaka tisa, na limo humu ndani, mahali pake.

Marehemu Estir Wadie Sidhom alizaliwa tarehe 14 Februari 1951 hapa hapa Mahalla, mtoto wa nne wa Wadie Sidhom, msokota nyuzi, na mkewe Nagiba, na alisoma shule ya msingi ya kanisa kuanzia mwaka 1957 hadi 1963, kisha miaka minne ya shule ya ufundi ya wasichana, na likizo alipelekwa kijijini kwa mjomba wake, ambako pamoja na watoto wengine alipita kwenye mistari ya mipamba akikagua majani yenye mayai ya viwavi na kuyachuma. Alizoea kusema kwamba pamba aliijua ingali inaumwa.

Tarehe 2 Oktoba 1967 aliajiriwa kiwandani, idara ya ukaguzi wa nyuzi, na msimamizi wake wa kwanza hakumpa kalamu, alimpa kiberiti, akamfundisha kwamba uzi wa pamba huungua kama karatasi na kuacha jivu linalopeperuka, sufu hunuka nywele zilizoungua, na nailoni na ndugu yake poliesta huyeyuka na kuacha punje nyeusi ngumu. Kiberiti hicho hakikutoka mfukoni mwake tena. Wapo humu kanisani ambao pindo za nguo zao ziliwahi kuchomolewa uzi mmoja wakiwa wamezivaa, tena mezani, chakula kikiwa mbele yao, na msomaji anaomba wamsamehe.

Kuhusu ndoa, asubuhi ya tarehe 9 Julai 1974 marehemu alifika kwenye dirisha la tiketi akitaka kwenda Tanta kwa shangazi yake, akamkuta karani aliyevaa shati jipya la kung'aa, la fasheni ya siku zile, akamtazama, akasema, "Kaka, shati lako nailoni, ndiyo maana unavuja jasho kama gudulia." Karani akamjibu, "Dada, hapa tunakata tiketi, hatupimi mashati," naye akasema, "Basi nikatie, kwenda na kurudi, na kesho nitakuletea la kuvaa." Akalileta kweli, la pamba, mabega yamekaa sawasawa, bila kumpima. Walifunga ndoa Jumapili tarehe 12 Januari 1975 katika kanisa hili, na tangu siku hiyo mume huyo hajavaa shati lililotoka dukani, na leo pia.

Mungu aliwajalia mtoto mmoja, Ireny, aliyezaliwa tarehe 30 Agosti 1978, ambaye sasa anaishi Aleksandria.

Mwaka 1988 marehemu aliacha kiwanda, akafungua karakana sebuleni mwao, mashine mbili za kufuma na cherehani moja, akawa anashona fulana, nguo za mazoezi za wasichana wa shule, na jezi za timu ya mtaa. Msimamo wake mnaujua, kwamba mtu anayekimbia anahitaji nguo inayokunywa jasho, na isiyokunywa hiyo ni turubai. Hata hivyo hakuwa mtu wa kuziba masikio. Golikipa Abanoub, ambaye yuko pale nyuma na mvi zake, alipomwambia, "Mama Ireny, fulana yako ikilowa nahisi nimebeba kondoo," marehemu hakukasirika, alifumua jezi ile wiki nzima, akafuma nyingine nyepesi, yenye matundu madogo mgongoni na kwapani, na Abanoub akakiri kwamba kondoo amekuwa mwanakondoo. Mwaka 2006 kapteni alikuja na jezi za kung'aa za bei ya chini, akasema zinakauka upesi, na hilo lilikuwa kweli, marehemu mwenyewe alikubali, kisha akachomoa uzi, akawasha kiberiti, akamwonyesha punje nyeusi, akamwambia, "Hii ni chupa ya maji iliyofumwa, Kapteni. Wavishe, lakini vipele wasiniletee mimi." Timu ikaenda na jezi za kung'aa. Vipele wakamletea yeye, naye akawashonea fulana za kuvaa ndani, akinung'unika muda wote.

Sasa lile swali.

Wazee wetu wakienda Yerusalemu kwa Pasaka hununua kanzu nyeupe yenye misalaba, huingia nayo Yordani, kisha huitunza ili wazikwe nayo. Mwezi Aprili 2014 mume alikwenda peke yake, kwa sababu magoti ya marehemu yalikuwa yameshakataa ngazi, akanunua kanzu mbili, yake na ya mkewe, akaingia mtoni amevaa yake, na ya mkewe ameishika mikononi, akaizamisha mara tatu kwa jina lake, akairudisha imekunjwa kifuani, hakuiweka hata kwenye sanduku. Alifika nyumbani Alhamisi tarehe 24 Aprili. Marehemu aliipokea, akaibusu, akalia kidogo, kisha vidole vyake viwili, gumba na cha shahada, vikaanza kuisugua vyenyewe. Akaenda jikoni, na mume akasikia kiberiti kinawashwa.

Alimkuta ameinamia kisosi chenye punje nyeusi, ndogo kama mbegu ya haradali, na maneno yaliyofuata msomaji anayataja kwa sababu bila hayo hamtaelewa. Alisema, "Mama Ireny, hiyo nguo imeingia Yordani, wewe unaitia moto." Marehemu akasema, "Najua ilikoingia. Lakini ni poliesta, Baba Ireny." Mume akasema imebarikiwa. Akajibiwa, "Baraka sikuzikataa. Nasema itaniwasha." Mume akasema, "Maiti hawashwi." Marehemu akamwinulia macho, akauliza, "Wewe umejuaje?"

Hapo mume alipaswa kucheka. Mtu yeyote angecheka. Badala yake alisema kwamba siku atakayokufa atamvisha hiyo hiyo, apende asipende, na baada ya hapo hawakusemezana siku kumi na moja.

Katikati ya Mei mume alirudi kutoka kanisani akasikia cherehani inakwenda, akaona pamba nyeupe imemwagika mezani, nyembamba, ile nzuri iliyokuwa imewekwa akiba, na kwa siku tatu iliendelea hivyo, na hakuuliza, kwa sababu alikwishajijibu mwenyewe. Alijua mkewe anajishonea kanzu yake ya kuzikwa, ya pamba, na ile ya Yordani ameikataa. Ireny alipokuja akaagizwa kupanda juu ya kabati na kuweka foronya moja yenye nguo zao za kuzikwa, iliyofungwa kwa utepe. Ilikaa huko miaka tisa. Walikula pamoja, walisali pamoja, walicheka pamoja, walikaa barazani jioni wakimenya maharagwe mabichi, na foronya hakuitaja hata mmoja.

Mwezi Machi 2021 figo zake zilishindwa, akaanza kusafishwa damu mara tatu kwa wiki, naye akaenda kila mara na shuka lake mwenyewe, na wauguzi, Mungu awabariki, walijifunza kutoligusa. Tarehe 6 Novemba mwaka huu wa 2023 alilazwa. Siku hiyo mume alijikaza, akaanza, "Estir, kuhusu ile nguo," na kabla hajamaliza marehemu akafumba macho, akasema, "Ile iko tayari." Mume akaelewa alivyoelewa. Alikuwa na siku tatu za kuomba radhi na hakuomba, akawa anampangia vidonge.

Marehemu alifariki jana, Alhamisi tarehe 9 Novemba, saa kumi na dakika ishirini jioni, akiwa na umri wa miaka sabini na miwili, miezi minane na siku ishirini na sita.

Asubuhi hii kina mama walipouliza, mume alisimama mlangoni akashindwa kusema. Akisema ya Yordani, ametimiza tishio alilomtolea mkewe. Akisema ya pamba, amekubali kwamba kitu pekee alichomletea kutoka mbali kiasi kile hakikufaa. Alisimama hapo, na dakika zikapita, mpaka Ireny akasema, "Baba, acha nifungue tu," akaishusha foronya. Mume alitarajia kanzu tatu. Zilikuwa mbili, zile zile za Yerusalemu, zenye misalaba yake. Akasema, "Na ile aliyoshona?" Ireny akageuza ya juu ndani nje.

Ilikuwa imetiwa bitana. Pamba, kuanzia shingo hadi pindo, hadi ndani ya mikono, mishono imeshindiliwa ikageuzwa ili isimguse mtu, na kwa nje kanzu ya Yordani iko kama ilivyotoka mtoni, haikupunguzwa kitu. Mume alichomoa uzi mmoja wa bitana, akakitafuta kiberiti mahali kilipo siku zote, katika mfuko wa aproni nyuma ya mlango, akauchoma, mbele ya wale kina mama, na hakuna aliyemkataza. Ulinuka karatasi. Jivu likapeperuka.

Kisha akafungua ya pili, ya kwake mwenyewe. Nayo ina bitana. Shingo imepanuliwa upana wa vidole viwili, kwa sababu hapendi kubanwa.

Basi marehemu amevaa ile ya kwanza.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa kitengo cha figo, hasa yule dada wa zamu ya asubuhi aliyelifua shuka kwa mkono wake, majirani Haji Mitwalli na Bi Fathiya, ambao tangu jana hawajaturuhusu kuwasha jiko, wafanyakazi wa kiwanda wa rika lake waliokuja na fimbo zao, timu ya mtaa iliyobeba jeneza, na kina mama wa kanisa waliomwosha na kumsubiri mumewe bila kumharakisha. Mume anawaomba radhi kwa dakika arobaini. Zile siku kumi na moja na miaka tisa amemwomba radhi marehemu mwenyewe, asubuhi, sikioni.

Pumzika, Mama Ireny. Hakuna kinachokuwasha.