Kabla ya Kupanga Vitofali Kona ya Matete

Mgeni rasmi, uliyetoka wilayani asubuhi hii kuja kutufungulia njia ya mazoezi,
Ndugu Mwenyekiti wa Serikali ya Mtaa wa Mikoroshoni B,
Wazee wetu, majirani, na wakimbiaji wenzetu wa Goba na Kibamba,
Wakubwa shikamooni, na wengine tunawasalimu.

KARIBU BONDENI

Mgeni rasmi, sisi wanachama wa Mikoroshoni B Jogging tumefurahi kukuona. Tulielekezwa kwamba risala isizidi dakika kumi, iwe na vichwa vya habari, na isiwe na mambo ya kutia watu huzuni. Dakika kumi tutajitahidi. Vichwa vya habari utavisikia. Hilo la tatu tunaomba utuvumilie.

Ukishuka kwa miguu dakika tano kutoka hapa kwenye mashine ya kusaga, unaingia katika bonde la Mto Mpiji. Ni tambarare tupu, halina mlima wala kamlima, na ndiyo sababu wenzetu wa Goba, waliochoshwa na vilima vyao, huamka mapema kuja kukimbia kwetu. Kushoto kuna bustani za mchicha na majaruba ya mpunga, kulia kuna matete, na katikati inapita njia ya udongo ambayo tumeikanyaga wenyewe mpaka ikawa njia. Mkimbiaji aliye mbele unamwona kilomita nzima. Ukungu ukitanda unaona vichwa tu vikienda, miguu huioni. Wageni hulipenda sana jambo hilo na hulipiga picha. Sisi tuliacha kulipiga picha.

HISTORIA YETU

Klabu ilianzishwa mwaka 2016 na watu tisa. Mwanzilishi na kocha wetu ni Mzee Mbwana, yule pale mwenye filimbi shingoni. Alikuwa karani wa bandarini, kazi yake kuhesabu shehena inayoshuka melini. Kazi aliistaafu, kuhesabu hakukustaafu. Siku ya kwanza tu alimpa kila mtu namba, na namba hiyo ni yako mpaka uhame au ufe. Tukirudi kutoka bondeni tunajipanga hapa, migongo kwenye ukuta wa mashine, nyuso bondeni, naye anapuliza filimbi. Wa kwanza anaita moja, wa pili anaita mbili, hivyo hivyo hadi mwisho. Saa hizo bado kuna giza na ukungu, kwa hiyo hatuonani, tunasikiana tu. Hesabu ikitimia anaandika kwenye daftari lake "wote wamerudi", nasi tunakwenda kunywa chai.

Hesabu isipotimia, klabu nzima inarudishwa bondeni kukimbia mzunguko mwingine. Hiyo ndiyo ilikuwa adhabu, na Mzee Mbwana hakuwa na mzaha nayo. Basi tukazoea kushikiana namba. Mtu amekatisha njia awahi sokoni, mtu amebaki nyuma kuvuta pumzi, anamwambia mwenzake "nishikie", na mwenzake anaita namba mbili kwa sauti mbili tofauti. Tuliona ni wema. Wengine tulikuwa hodari wa kugeuza sauti, na tulikuwa tukichekeshana nayo njiani. Mzee Mbwana hakujua.

MAFANIKIO

Mgeni rasmi, mafanikio yapo na hatutaki kuyaficha. Kutoka watu tisa tumefika arobaini na saba. Waliokuwa wakimeza dawa za presha, sita wamepunguziwa na madaktari wao. Mzee Ansbert, mwenye miaka sabini na moja, alikuja na fimbo, na fimbo hiyo sasa anaitumia kufukuzia kuku.

Tuna njia tatu. Njia ya Mchicha ni kilomita tatu, ya wanaoanza na wanaopenda kupiga soga. Njia ya Majaruba ni kilomita tano. Njia ya Matete ni kilomita saba, inakwenda hadi mto unapokata kona, na ndiyo nzuri kuliko zote. Yangeyange, wale ndege weupe, wanakuwa wametulia majini, mbingu inaanza kupambazuka bila kuzuiwa na kitu, na udongo ni laini, magoti hayalalamiki. Ndiyo njia hii utakayoizindua leo. Vitofali vimeshashushwa, kokoto zipo, na katapila limelala kule chini tangu juzi. Asanteni sana. Asante hii ni ya kweli, na tunaomba usiisahau tutakapofika mbele.

CHANGAMOTO

Rukaiya Mwishehe alikuwa namba kumi na tisa. Alikuwa na miaka ishirini na sita, akiuza duka la dawa pale njia panda. Alikuwa mtu wa kucheka hovyo, na alikimbia kwa madaha kama anayekwenda harusini.

Jumamosi moja ya masika ya mwaka juzi tulikimbia Njia ya Matete. Kwetu yalikuwa manyunyu tu. Huko juu mto unakotokea mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha, nasi hatukuwa na habari. Tulipofika Kona ya Matete, kamba ya kiatu cha Rukaiya ilikatika. Akamwambia aliyekuwa akikimbia naye, "Dada Tusa, nishikie basi, kamba imekatika. Nakuja sasa hivi, mie sitaki mrudishwe kwa ajili yangu."

Tukarudi, tukajipanga ukutani, filimbi ikapulizwa. Kumi na nane ikaitwa, kumi na tisa ikaitwa, ishirini, mpaka thelathini na moja, ambayo ndiyo ilikuwa idadi yetu wakati huo. Mzee Mbwana akaandika "wote wamerudi". Tukanywa chai na chapati, tukaenda majumbani kwetu.

Saa nne mama yake, Bi Mwanakombo, alipita nyumba kwa nyumba akiuliza mwanawe yuko wapi. Kati ya filimbi na swali lile zilipita saa tatu na nusu. Tuliposhuka, mto ulikuwa umelala bonde zima, umefika kwenye majaruba. Hesabu ingepungua mmoja asubuhi ile, tungerudi bondeni watu thelathini, na maji yalikuwa bado hayajafika.

Aliyeita namba kumi na tisa ni namba kumi na nane. Namba kumi na nane ni katibu wa klabu, Tusajigwe, ninayekusomea risala hii. Katika risala ya watu wote hakuna mimi, lakini kamati iliniruhusu mstari huu mmoja. Niliigiza sauti yake vizuri sana. Sijapata kuigiza sauti ya mtu vizuri namna ile.

Tulitafuta siku tisa. Waokoaji walikuja, walifanya kazi kwa moyo, Mungu awalipe. Kilipatikana kiatu kimoja, cha kulia, kimefungwa fundo kwa kamba iliyokatika. Maji yalipoondoka yaliacha fungu la mchanga pale konani, kimo cha mtu mzima. Bonde lote limeota upya, matete yamerudi, mpunga umerudi. Juu ya fungu lile hakujaota hata jani.

Wiki sita baadaye tulirudi kukimbia. Tulikubaliana namba kumi na tisa irukwe. Kumi na nane ikaitwa. Kabla ya ishirini, sauti ya mwanamke iliita kumi na tisa kutoka chini bondeni, ya mtu aliyetoka kukimbia, anahema.

Mzee Mbwana alikasirika, akajua kuna asiye na adabu kati yetu. Jumamosi iliyofuata alimtaka kila mtu aweke kiganja mdomoni akishaita namba yake, akapita na tochi kukagua. Namba ikaitwa. Tukahesabu kinyumenyume, ikaitwa pale pale panapoihusu. Tukampa namba hiyo mwanachama mpya, Wilbert, fundi wa kompyuta kutoka Mikocheni, msomi, asiyeamini mambo haya. Aliita kwa sauti nzito ya kujiamini, na ile nyingine ikaita pamoja naye, ikimtangulia kidogo, kama mtu anayewahi kiti chake. Wilbert alirudisha fulana siku hiyo hiyo. Tunasikia siku hizi anakimbilia kwenye mashine ya jimu, ghorofa ya tatu.

Hilo la sauti mtu anaweza kusema ni upepo, au ni dhamira zetu zinatusuta. Tulilisema wenyewe. Lakini asubuhi za unyevu, sote tukiwa tumesharudi na tumesimama hapa, tukishuka tena kuangalia tunakuta nyayo mbichi kwenye udongo. Mguu wa kushoto una kiatu, wa kulia uko peku. Zinaanzia konani, zinaelekea huku tuliko. Haziendi mbali. Ni hatua kama ishirini, baada ya hapo udongo uko safi, haujakanyagwa na mtu. Mwenyekiti wa Mtaa amekuja kuziona mara mbili. Yupo hapa, unaweza kumuuliza.

Mgeni rasmi, tunaogopa. Tunalisema wazi kwa sababu watu wazima arobaini na sita wanaoogopa Jumamosi baada ya Jumamosi na bado wanakwenda, lazima wana sababu. Tukiacha kuhesabu tunaona tumemwacha mara ya pili.

Bi Mwanakombo hufika hapa kabla yetu. Anatandika mkeka wake, anakaa, anasubiri filimbi. Namba ya mwanawe ikiitwa anajibu taratibu, "Nimekusikia, mama." Msikitini walimsalia Rukaiya sala ya ghaibu, akashukuru, lakini akamwambia shehe, "Hiyo ni ya aliye mbali. Wangu hayuko mbali, nikikaa hapa namsikia." Siku moja mwenzetu mmoja alilia kwa hofu. Bi Mwanakombo akamgeukia, wala hakupandisha sauti.

"Nyie mnaogopa nini?" alisema. "Siku ile mlimsemea. Sasa anajisemea mwenyewe, mnataka kukimbia?"

Tumeandika barua nne kuomba fungu lile la mchanga lichimbwe. Zote zimejibiwa kwa adabu. Jibu ni kwamba mashine haiwezi kutolewa bila ushahidi wa kutosha. Fomu ina sehemu ya kujaza majina ya mashahidi na walichokiona, na sisi zaidi ya nyayo hatujaona kitu, tumesikia. Tulijaza majina yetu yote, pale pa maelezo tukaandika "tumesikia". Hatuwalaumu walioisoma. Sisi pia tungekuwa maofisini tungeiweka chini ya nyingine.

MAOMBI

Katika nakala uliyopewa jana, maombi yetu ni sita. Kuna choo, kuna taa, kuna kivuko cha kwenye majaruba, kuna kengele ya kutahadharisha mafuriko, kuna fulana. Jana jioni kamati ilikaa, ikayafuta matano. Tunaomba uyakate kwa kalamu sasa hivi, ili kesho asije mtu akasema tulipewa taa tukaridhika.

Limebaki moja. Kwa mujibu wa ramani, kesho asubuhi katapila litasawazisha fungu la mchanga la Kona ya Matete, kokoto zitamwagwa, na vitofali vitapangwa juu yake. Njia itakuwa nzuri, watu watatoka mbali kuja kuikimbilia, na kila atakayepita pale atakuwa anamkanyaga. Tunaomba siku mbili. Katapila lichimbe kwanza, taratibu, na polisi na daktari wakiwepo kama sheria inavyotaka. Dereva wake, Brightson, ameshakwenda kuliona fungu lile na amesema ni kazi ya siku moja na nusu. Yuko tayari. Alituambia, "Mimi nikiambiwa na mkubwa, naanza hata leo, mafuta yamo." Mkubwa aliyekusudiwa ni wewe.

Tukichimba tusipate kitu, tutakuomba radhi hadharani, tutapanga vitofali kwa mikono yetu, na hutasikia tena barua kutoka Mikoroshoni B.

Mgeni rasmi, mama aliyekaa kwenye mkeka mstari wa mbele, mwenye mfuko mweupe mapajani, ndiye Bi Mwanakombo. Wasaidizi wako walimuuliza pale mlangoni kama ni zawadi yako, wakataka kumpokea. Hakuwapa. Mle ndani mna sanda, na mna udi na pamba. Ameinunua mwenyewe, kwa sababu tulimwambia kwamba leo katapila lipo, dereva yupo, na mwenye kutoa amri anakuja. Hatukumwambia kwamba utakubali. Tulijaribu kumtahadharisha, akasema yeye anabeba tu, asije akapatikana mwanawe akakosa cha kumvika.

Kwa hiyo kabla hujavuta kitambaa kwenye lile jiwe la uzinduzi, tunakuomba useme neno kwa Brightson. Anakutazama.

Tunakuombea kila uendako urudi, na ukirudi awepo wa kukuona kwa macho yake, asitosheke na kusikia jina lako likiitikiwa. Mungu ailinde nyumba yako na mtaa wetu.

Ni sisi wanachama wa Mikoroshoni B Jogging, arobaini na saba. Arobaini na sita tuko mbele yako.