Fundi Kamba na Fahali wa Maonyesho

Ndugu waombolezaji, majirani, na wewe shemeji uliyekaa hapo mbele, familia imemtuma mdogo wake marehemu awasomee maisha ya dada yake, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Fundi Kamba, naye anaomba mumvumilie, kwa maana humu kuna jambo ambalo halijawahi kusemwa.

Marehemu alizaliwa tarehe 3 Mei 1958, katika nyumba iliyopakana na kiwanda cha katani, akaanza shule ya msingi Januari 1966, akamaliza darasa la saba mwaka 1972, mwaka ule ule mama yao alipofariki, akabaki kumlea mdogo wake na kusokota kamba alivyofundishwa na baba yao, na kuanzia mwaka 1979 akawa na banda lake kwenye maonyesho ya kilimo na mifugo, katikati ya wafinyanzi na wasusi wa vikapu, ambako wafugaji walimtania kwamba kamba zake zingefunga hata mdomo wa mama mkwe.

Tarehe 8 Agosti 1984, saa tano asubuhi, fahali aliyekuwa akizungushwa uwanjani alikata kamba ya Fundi Kamba, akamrusha mchungaji wake kwenye uzio, akamvunja mguu, kisha akamsimamia akiparua ardhi kwa kwato, na watu wakatawanyika wakikanyaga vyungu. Marehemu alichukua kamba nyingine, lakini badala ya kukimbia aliifunga kwenye boriti ya banda, akaning'inia kwa uzito wake wote, huku watu wakimpigia kelele, "Mtu anakufa, wewe unabembea!" naye akajibu bila kugeuka, "Ikikatika na hii, tutakufa wawili." Ilipohimili, akaingia uwanjani hatua kwa hatua, akimbembeleza mnyama kwa sauti ya chini, akaipitisha kamba kwenye pete ya puani, akamfunga nguzoni.

Kamati ilipouliza, alisema, "Kosa ni langu, katani ililoa," akafungiwa maonyesho miaka mitatu.

Alimtembelea mchungaji yule hospitalini kila siku, na siku ya kwanza mgonjwa alimtazama akauliza, "Umekuja kunifunga au kunifungua?" Tarehe 14 Desemba 1985 wakafunga ndoa, wakajaliwa mabinti wawili, mwaka 1987 na 1990.

Machi 2019 alianza kubanwa na kifua, madaktari wakasema ni vumbi la katani, wakamwambia aache kazi, akaacha wiki mbili tu, na tarehe 6 Septemba 2022, saa nne asubuhi, akafariki, mkono wake ukiwa mkononi mwa mumewe.

Shemeji, wewe uliyevunjwa mguu siku ile, sikiliza. Katani ile ilinyeshewa kwa sababu mdogo wake, huyu huyu anayesoma, wakati huo mtu mzima wa miaka ishirini na mbili, aliombwa aianue akaenda kutazama mpira, kisha akaikausha juani na kunyamaza. Siku ile uwanjani, kabla kamati haijauliza, alimnong'oneza dada yake ukweli, akabanwa mkono na kuambiwa, "Nyamaza wewe, mwenye banda ni mimi." Wiki iliyopita marehemu alimruhusu: "Mwambie nikiwa sipo, sitaki kuona mkigombana."

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliompikia uji, na mafundi wenzake wa maonyesho waliofunga mabanda yao leo. Shemeji, baada ya mazishi mdogo wake atabaki hapa hapa kando ya kaburi akikusubiri, hatakimbia. Nawe dada, pumzika kwa amani sasa, yaliyobaki tutayabeba wenyewe.